Mguu wa Kulia wa Restuta Haonga

Restuta Haonga hakuuza mchezo. Tuanzie hapo, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Hakuuza kwa mabati, hakuuza kwa ajili ya kazi ya ofisini kwa Mzee Habibu, wala hakuahidiwa safari ya Dar es Salaam. Binti huyu anayesemwa kuanzia sokoni Vwawa hadi kwenye foleni ya malori Tunduma, kwamba aliuacha mpira umpite makusudi ili mtoto wa tajiri huyo ashinde, ni mtoto wa pekee wa marehemu Mwalimu Gibson Haonga wa Igamba na mkewe Ketrina. Katika nyumba ile hakijawahi kuuzwa kitu ambacho hakikuota shambani.

Waliokuwapo uwanjani siku ya mchezo ule walikuwa wachache. Wanaosimulia ni wengi, na karibu wote walisimuliwa na watu ambao nao hawakuwapo. Ketrina alikuwapo, na alikuwapo tangu mwanzo wa habari yenyewe, ambao haukuwa Mbeya wala Tunduma. Ulikuwa nyuma ya mtambo wa kahawa wa chama cha ushirika, palepale Igamba.

Mwalimu Gibson alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya chini, aliyefundisha jiografia na hakuwahi kumpiga mwanafunzi. Tenisi aliijulia chuo cha ualimu, ambako nyuma ya bwalo kulikuwa na uwanja wa zamani wa changarawe. Alipomaliza alirudi nyumbani na raketi mbili ndani ya foronya. Watu wa Igamba walizitazama, wakacheka.

"Mwalimu, chekeche hilo la kupepetea nini? Mbona matundu yake makubwa hivyo?"

"La kupepetea watu wenye maneno mengi," alijibu Gibson, na huo ndio uliokuwa utani wake mkali kuliko yote.

Ketrina, ambaye mwenyewe alisoma hadi shahada na akawa mkaguzi wa shule, hakuona aibu. Aliifua kofia nyeupe ya mumewe kwa mkono kila Jumamosi na kuianika mbele ya nyumba, waione.

Chama cha ushirika kilikuwa na sakafu kubwa ya saruji iliyotumika kuanikia kahawa zamani. Wakulima walipofundishwa kuanika juu ya vichanja vya waya, sakafu ikabaki wazi, watoto wakirukia kamba hapo. Gibson aliiomba, akapewa. Akaagiza kipande cha wavu wa kuvulia samaki kutoka Rukwa, akakikaza katikati, na akachora mistari kwa rangi nyekundu iliyobaki walipopaka bati la nyumba yao. Sakafu ilikuwa na mteremko kidogo ili maji ya mvua yatoke, na mipira yote ilikuwa ikibingirika kuelekea chini. Kwa hiyo Gibson alisimama upande wa chini, na Restuta siku zote alisimama upande wa juu.

Sasa huku juu, upande wa kulia wa mtoto, ulipita mfereji. Ni ule mfereji wa kutolea maji ya kuoshea kahawa na maganda yake, wa mawe, wenye kina cha kufika kiunoni mwa mtu mzima. Kutoka mstari mwekundu wa pembeni hadi ukingo wa mfereji hapakuwa na nafasi ya mtu kujigeuza.

Mwanzoni Gibson hakuufikiria. Alimfundisha binti yake pigo la kiganja, lile ambalo kiganja chako hutazamana na mpira unaokuja, kama yeye mwenyewe alivyofundishwa. Na zaidi ya yote alipenda kumfundisha kulipiga akiwa mbioni, mpira ukiwa umetupwa mbali kulia. Ketrina alikuwa akisimama kando na sufuria la uji, akisikia.

"Bega kwanza, Resti! Ukiona tu mpira unakwenda kulia, geuza bega, raketi irudi nyuma pamoja na bega. Halafu kimbia. Kimbia kama mvua inakuja na kahawa yote iko nje! Usiufuate mpira kwa mkono, ufuate kwa miguu. Hatua ya mwisho iwe ndefu, ukanyage mguu wa kulia, uukute mpira mbele ya nyonga yako. Raketi ipande kutoka chini na imalizie juu ya kichwa, upande huohuo wa kulia. Usiilazimishe ifike bega la kushoto, hutapata nafasi. Na usisimame! Mwili uende. Utasimama mpira ukishaondoka."

Mtoto alielewa. Alikuwa na miguu myepesi, na lile pigo akilipiga mpira uliruka juu ya wavu kwa upinde, ukashuka kwa ghafla kwenye pembe ya mbali. Gibson alikuwa akivua kofia na kumpungia nayo.

Pamoja na Restuta alikuwapo Rubeni, mtoto wa jirani, kijana mwenye nguvu kupita umri wake. Siku moja Gibson alimtupia Rubeni mpira wa mbali kulia. Rubeni akageuza bega, akakimbia, akakanyaga, akapiga, na mwili ukaenda kama alivyofundishwa. Ukaenda hadi mferejini. Waliokuwa kwenye mtambo walisikia mfupa ukivunjika. Alipelekwa hospitali kwa pikipiki, amekalishwa katikati ya watu wawili, na hadi leo Rubeni anapotembea bega moja hushuka.

Wazazi wa Rubeni hawakumlaumu mtu. Gibson alikaa muda mrefu bila kugusa raketi. Aliporudi kwenye sakafu ile, somo lilikuwa limebadilika.

"Ukifika mstari mwekundu, kanyaga, simama. Ukishasimama ndipo upige."

"Baba, lakini ulisema mwili uende."

"Nilisema. Sasa nasema usimame."

"Na mpira ukinipita?"

"Ukipita, acha upite. Nitaufuata mimi huko."

Akamkimbiza kwenye mstari ule jioni baada ya jioni, bila raketi, bila mpira. Kimbia, kanyaga, simama. Kimbia, kanyaga, simama. Masika na kiangazi, miaka ikaenda, mpaka Restuta akawa hahitaji kuambiwa. Usiku wa siku moja Ketrina alimuuliza mumewe kama pigo la namna hiyo ndilo sahihi.

"Si sahihi," Gibson alisema. "Lakini mfereji ni mfereji. Siku tukipata uwanja usio na shimo, nitaufungua mguu huo mwenyewe. Ni kazi ndogo."

Hakuufungua. Presha ilimwangusha katikati ya mikahawa yake, mkasi wa kupogolea ukiwa mkononi, Restuta akiwa kidato cha nne.

Mzee Habibu alikuja mazikoni kutoka Tunduma. Ni msafirishaji, mwenyeji wa Kondoa aliyehamia mpakani tangu ujana wake, na alimjua Mwalimu kupitia mashindano ya shule, ambako Restuta akiwa mdogo alimshinda binti yake, Sabra. Alileta mchele na sukari kama walivyoleta wengine. Watu leo wanauhesabu mchele ule kuwa ni hongo. Mtu anahongwa msibani, baba yake hajashushwa kaburini!

"Mama Restuta, pole sana," alisema. "Nakuomba kitu kimoja. Mtoto asiache mchezo. Nyumbani nimejenga uwanja, na Sabra hana mwenzake wa kucheza naye."

Ketrina akakubali, kwa sharti kwamba yeye mwenyewe atafuatana na binti yake. Na alifuatana naye. Uwanja ule uko nyuma ya yadi ya malori, sakafu yake imepakwa rangi ya kijani, mistari ni myeupe, na pembeni pako wazi mpaka kwenye uzio. Hakuna mfereji wala ukingo. Ketrina aliwekewa kiti cha plastiki chini ya turubai. Alipouona uwanja aliona ni huu aliokuwa akiungoja mumewe.

Sabra akautuma mpira mbali kulia. Restuta akageuza bega, raketi ikarudi nyuma, akakimbia vizuri kama Mwalimu alivyotaka. Alipofika kwenye mstari mweupe mguu wa kulia ukakanyaga, na mwili wote ukasimama. Mpira ukapita mbele yake, karibu kabisa, ukaenda kugonga uzio.

Nyuma ya uzio walikuwapo mautingo, wasaidizi wa madereva, wakingoja malori yao yaruhusiwe kuvuka kwenda Zambia.

"Psssiii!" mmoja akafanya kwa mdomo. "Breki za upepo hizo! Dada, umebeba tani ngapi?"

Wakacheka. Na jina likabaki hapohapo, Breki za Upepo, hata watoto wa mtaa wakalijua.

"Resti, kwani hapo kuna nini?" Sabra aliuliza. "Mbona unasimama?"

"Hakuna kitu."

"Si upitilize tu? Piga huku unakwenda."

"Najua, Sabra. Nilifundishwa hilo kabla yako."

"Sasa?"

"Mguu unakataa."

Walijaribu kila walichoweza. Sabra aliweka kandambili zake nje ya mstari, akamwambia mwenzake azikanyage kwanza ndipo apige. Mzee Habibu aliagiza mstari wa upande ule ufutwe kwa rangi. Restuta akasimama palepale ulipokuwa mstari. Alipojikaza asisimame, akili yote ilikwenda mguuni, akasahau bega, raketi ikachelewa, mpira ukagonga ukingo wa raketi na kuruka juu ya malori. Akikumbuka bega, mguu unasimama. Akiushurutisha mguu, pigo linakufa. Walirudi Igamba siku zile, Ketrina akitazama dirishani. Alijua ni mtu mmoja tu ambaye angeweza kuufungua mguu ule.

Ukafika mchujo wa Mbeya, wa kumpata msichana mmoja wa kwenda kwenye timu ya kanda. Mwishoni walibaki wawili, Restuta na Sabra. Sehemu ya kwanza Restuta aliichukua, kwa sababu alikaa katikati na kumchosha mwenzake. Kisha kocha wa Sabra akamwita kando, akamnong'oneza. Tangu hapo mpira ukawa unakwenda mahali pamoja tu, mbali kulia. Restuta alikimbia, akasimama, akapiga kwa mkono tu bila mwili nyuma yake, na mpira ukalala kwenye wavu. Akakimbia tena, akasimama, ukampita.

Pigo la mwisho hata hakulijaribu. Alikuwa amewahi, kila mtu aliona kwamba amewahi. Alisimama kwenye mstari, raketi ikiwa nyuma tayari, kama mtu aliyesimama kando ya barabara kungoja lori lipite. Mpira ukapita, na angeunyoshea mkono angeugusa.

"Huyo kauza," mwanamume mmoja alisema nyuma ya Ketrina.

"Kauza nini?" mwenzake akamuuliza.

"Gemu! Mpira ule hata bibi yangu angeupiga."

Ketrina akageuka, akamtazama. "Bibi yako anaitwa nani, baba? Nimwalike Jumamosi aje acheze."

Yule mtu akageuza uso. Lakini alikuwa na simu mkononi, na kabla Ketrina na bintiye hawajafika Mlowo maneno yalikuwa yameshafika Igamba.

Sabra alikuja kuwatembelea, amevaa baibui jeusi, viatu ameviacha mlangoni. Restuta alikuwa jikoni. Sebuleni alikuwapo pia Nesta, dada wa marehemu, akichambua maharage.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

"Mama, mimi nilijua Resti husimama. Nilimpigia kule kwa sababu nilijua. Huo ni mchezo, sioni vibaya. Lakini haya wanayosema, kwamba baba alimpa kitu, yananiuma hata mimi, maana ni kama sikushinda. Baba yuko tayari kusema mbele ya watu kwamba hakumpa kitu. Ila watauliza, kama hakupewa, alisimama kwa nini? Na jibu ni kwamba Mwalimu ndiye..."

"Usimalize," Ketrina alisema.

Nesta aliweka ungo chini. "Mwache amalize, wifi, kisha nimjibu mimi. Mwanangu, kaka yangu yuko kaburini, hana mdomo. Binti yake anao. Mkimtaja kaka yangu kwamba alifundisha vibaya, nani atamtetea? Watu watasema alimharibu mwanawe, na kabla ya huyo alimvunja mtoto wa watu. Hicho ndicho mnachotaka?"

Sauti ya Restuta ikatoka jikoni. "Shangazi anasema kweli. Waache waseme nimeuza."

Sabra aliondoka bila kumaliza chai. Na ikawa hivyo, wakaachwa waseme.

Ketrina alidhani maneno yatachoka. Hayakuchoka. Restuta aliweka matumaini katika jambo moja tu lililobaki, kufundisha watoto wa shule ya msingi michezo, jioni, bila malipo. Mwalimu mkuu alikubali. Siku ya kwanza walikuja watoto wengi. Baadaye wakawa wanapungua, mpaka jioni moja akabaki peke yake uwanjani na mipira yake, mipira ya Gibson, kwenye kapu. Mama mmoja alimwambia usoni, bila ubaya wowote, kama mtu anayeeleza bei ya mahindi: "Dada, mimi sitaki wangu ajifunze kuuza."

Siku hiyo Restuta alirudi nyumbani, akalitia kapu chini ya kitanda cha mama yake, akaenda kuchuma kahawa. Hakulalamika. Ketrina alikaa kitandani, miguu yake ikiligusa kapu lile, akaona kwamba amekuwa akimlinda mtu mmoja wa nyumba ile kwa kumtupa mwingine nje.

Ulikuwa msimu wa mavuno. Watu wengi walikuwa kwenye mtambo wakingoja kupimiwa kahawa mbivu, ndoo na magunia yamepangwa juu ya sakafu ileile. Mstari mwekundu ulikuwa umefifia, unaonekana hapa na pale. Mfereji ulikuwa umefunikwa kwa vibamba vya zege, lori linaweza kupita juu yake.

Restuta alipofika na ndoo yake kichwani, kijana mmoja akafanya, "Psssiii!" Watu wakacheka, si kwa sauti.

Ketrina alikuwa nyuma ya binti yake, amejifunga kitenge chake cha kanisani. Alisimama katikati ya sakafu, na watu wakanyamaza kwa mazoea, maana wengi wao aliwahi kuwakagua wakiwa darasani.

"Mtoto wangu hakuuza mchezo," alisema. Akawaeleza yote, mfereji, Rubeni, mstari mwekundu, jioni baada ya jioni, kanyaga, simama. Rubeni mwenyewe alikuwapo, akatikisa kichwa kukubali.

Kefa, mwenyekiti wa chama, alijikuna shingo. "Mama Mwalimu, tunakuheshimu. Lakini hayo ni maneno. Mguu wa mtu ni wake. Ukitaka uende, unakwenda."

Ndipo Restuta aliposhusha ndoo. Hakuna aliyemwomba. Alipanda hadi upande wa juu, akavua kandambili, akageuza bega kama aliyeona mpira, mkono mtupu ukarudi nyuma, akakimbia kuelekea kulia. Alikusudia kupita, Ketrina alimwona usoni kwamba amekusudia kupita, juu ya zege, hadi kwenye majani ya upande wa pili. Alipofika kwenye mabaki ya rangi nyekundu, mguu ukakanyaga, akasimama.

Akarudi juu, akakimbia tena. Akasimama. Akarudi tena, safari hii akihema na machozi yakimtoka, akakimbia kwa nguvu zake zote kama mvua inakuja na kahawa iko nje, na mguu ukasimama palepale, karibu aanguke kifudifudi. Mbele yake palikuwa na zege kavu na hakuna kitu kingine. Hakuna aliyefanya sauti ya breki.

Restuta alitazama miguu yake. Akavaa kandambili. "Mama, umemaliza?" akauliza, akachukua ndoo yake, akaenda kusimama kwenye mstari wa kupimiwa, nyuma ya wengine.

Nesta, aliyekuwa ameketi juu ya gunia lake, aliinuka akaondoka bila kumtazama wifi yake, na hajaingia nyumbani kwa Ketrina tangu siku hiyo. Na watoto hawakurudi kwa Restuta, maana wazazi wana neno jipya sasa, kwamba mguu wa namna ile unaambukiza. Kapu la mipira liko chini ya kitanda.

Lakini hapo sakafuni Kefa alikuwa bado hajatosheka. Alisogea, akapunguza sauti, kama anayefanya hisani.

"Kwa hiyo, Mama Mwalimu, kumbe ni Mwalimu mwenyewe ndiye aliyekosea?"

Ketrina alikaza fundo la kitenge chake.

"Nimekuambia binti yangu hakuuza, na umeona. Hilo lingine usiniulize. Sisemi."